Shule Isiyo na King'ora

Jumatano ya tarehe 15 Mei 2019, mfungo wa Ramadhani ukiwa bado mchanga, nilimpoteza mke wangu Mwanahawa. Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Shule zilipofungwa mwezi uliofuata nilimkabidhi mpwa wangu Jumaa funguo za kombi, na tangu hapo sijabeba tena mtoto wa mtu.

Jumaa, wewe na wenzako mnaobeba watoto wa shule hapa Johannesburg mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi hii. Mimi niliishia darasa la saba kule Tanga, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Mkiona nimemtaja Mwanahawa kila mahali, mnivumilie. Kiti cha mbele kushoto kilikuwa chake. Nikiikumbuka barabara yoyote ya mji huu naikumbuka na upande wake, mkoba mapajani, anamenya chungwa na kuwagawia waliokaa nyuma.

Jina langu ni Kombo na nilikuwa naendesha kombi. Watoto hawakuhitaji mzaha mwingine. "Kombo wa Kombi, gari lako kombo!" waliimba, kila mwaka kizazi kipya kikidhani kimegundua chenyewe. Msikasirike wakiwatania. Mtoto anayemtania dereva hamwogopi, na mtoto asiyemwogopa dereva atamwambia anataka kutapika kabla hajatapika. Hilo peke yake ni faida kubwa.

Kazi hii nilifundishwa na Bab' Mnisi, mzee wa Alexandra ambaye alikuwa akibeba watoto tangu nilipokuwa bado nauza mikanda na soksi mjini. Aliniambia, "Kombo, mtoto si mzigo. Mzigo ukiuchelewesha haumwambii mama yake." Alinifundisha kutopiga honi mlangoni asubuhi, kwa sababu honi huamsha majirani na majirani ndio wanaokupigia simu ya kukuchongea. Alinifundisha kufuta ukungu wa vioo kwa gazeti kavu wakati wa baridi, na kumkalisha mbele anayetapika. Kubwa kuliko yote, alinifundisha kuhesabu vichwa kwa sauti kabla gari halijaondoka, na kujihesabu na mimi mwenyewe.

"Kwa nini nijihesabu? Mimi si ndiye ninayeendesha?"

"Hesabu kila mtu, Kombo. Siku ukianza kuchagua nani wa kuhesabiwa, siku hiyo utamsahau mtu."

Alikuwa na sababu yake. Siku moja aliwashusha watoto, akapeleka gari kuoshwa, akakaa kwenye benchi kunywa chai. Povu limejaa vioo, mara akaona mkono mdogo unafuta povu kwa ndani. Mtoto alikuwa amelala kiti cha nyuma kabisa. Anasema mtoto yule hakulia, alifungua dirisha akauliza, "Baba, mvua gani hii ina harufu ya sabuni?" Bab' Mnisi alikuwa akicheka akisimulia, lakini tangu siku ile hakuondoa gari bila kuhesabu.

Kwetu sisi aliyehesabu alikuwa Mwanahawa. Alikuwa akigeuka na kuuliza, "Tumetimia?" Kisha kazi hiyo ikapata mwenyewe, na huyo ndiye ninayetaka kuwaeleza.

Mwaka 2015 alikuja kwetu mama mmoja Mkongo wa Bukavu, msusi wa nywele katika saluni ndogo pale Bertrams karibu na tulipokuwa tunakaa. Tulimwita Mama Divine, kwa jina la binti yake. Divine alikuwa darasa la tano. Mama yake alimshika mkono mbele ya kombi, akasema polepole kama mtu anayeuza kitu chenye kasoro na hataki kudanganya.

"Papa Zuhura, mtoto yangu iko na akili mingi. Lakini hapendi makelele, hapendi kuguswa, na hasalimiaka watu. Ule dereva wa kwanza alikataa kumubeba. Anasema mtoto iko na kiburi."

Zuhura ni binti yetu aliyeolewa Tanga, ndiyo maana aliniita hivyo. Mimi nilimtazama yule mtoto. Hakunitazama. Alikuwa anatazama gurudumu.

Mwanahawa akashuka. Sisi watu wa Tanga mtoto asiyetoa shikamoo tunamwona hakufunzwa, na nilijua mke wangu kwa jambo hilo hana utani. Akasimama mbele ya Divine. Divine akasema, kwa Kiswahili safi kabisa, "Gurudumu hili limeisha upande mmoja."

Nikainama kuangalia. Kweli, lilikuwa limeliwa upande wa ndani.

Mwanahawa akasema, "Huyo ndiyo kashasalimia. Ingia mama, chagua kiti." Divine akachagua dirishani, nyuma ya kiti cha Mwanahawa, na hakukihama miaka yote ile.

Muuguzi wa kliniki alikuwa ameshamwambia mama yake jina la hali ile, kwa Kiingereza. Mama Divine alilitamka kwa Kifaransa, na mimi nilikuja kulisikia kwa Kiswahili baadaye sana, usonji. Kanisani kwao walimwekea mikono wakamwombea pepo litoke. Kwetu msikitini mzee mmoja alisema atamtafutia kombe, maji yaliyooshea aya, anywe. Mwanahawa aliwasikiliza wote kwa adabu. Tulipobaki wawili akaniambia, "Huyu hana pepo. Huyu ana mpangilio, na sisi tunamvurugia."

Tulimvuruga sana mwanzoni, na hasa kwa maneno mawili: sasa hivi. Divine alikuwa anauliza, "Tunafika lini?" Mimi najibu, "Sasa hivi." Kidogo tu, anasema, "Sasa hivi imekwisha." Najibu, "Tunafika sasa hivi, mama." Anasema, "Umesema hivyo na imekwisha." Watoto wengine wanakufa kwa kicheko, yeye machozi yanamlengalenga, kwa sababu kwake nilikuwa mtu mzima anayemdanganya kila asubuhi mbele za watu.

Vijana, mnajua mji huu. Mtu wa hapa akikwambia kwa Kiingereza chao anakuja sasa hivi, nenda kale, urudi, bado hajaja. Sisi wageni tumeichukua tabia hiyo tukaitia kwenye Kiswahili chetu, Mtanzania, Mkongo, Mrundi, wote tunasema sasa hivi na hakuna anayeimaanisha. Divine peke yake ndiye aliyeimaanisha.

Mwanahawa ndiye aliyepata dawa. Alimwambia, "Tunafika tukishapita roboti nne." Roboti, kwa wasiojua, ndizo taa za barabarani, huku kila mtu anaziita hivyo. Divine akatulia. Akawa anahesabu kimya, midomo inacheza, na roboti ya nne ikipita anafunga mkoba wake. Nikaona kazi imekwisha.

Ikaja siku ya mgao wa umeme. Tumefika kwenye njia panda, roboti zote zimezimika, magari yamekabana kutoka pande nne, na kijana mmoja asiye na makazi amevaa fulana ya kung'aa anayaongoza kwa mikono. Divine akaanza kupiga kichwa kioo. "Hatujapita hata moja! Hatujapita hata moja!" Watoto wadogo wakaanza kulia nao. Mimi natoka jasho, nyuma yangu teksi inanipigia honi na kunitukania mama.

Mwanahawa akageuka kwenye kiti. Hakupandisha sauti.

"Divine. Nguzo ya roboti unaiona?"

"Naiona."

"Imeondoka?"

"Haijaondoka."

"Basi roboti iliyozimika inahesabika."

Yule mtoto akaacha kupiga kioo. Akafikiri. Naapa nilimwona akifikiri, kama hakimu. Halafu akasema, "Inahesabika. Moja."

Ikawa sheria ya gari. Nikipita roboti mbovu bila kutaja, naulizwa. Na kwa kuwa alihesabu vizuri kuliko sisi wote, Mwanahawa akampa kazi ya vichwa. Kila asubuhi, "Tumetimia?" na kutoka dirishani, "Tumetimia, kumi na wanne," akiwemo Kombo, akiwemo Mwanahawa. Mpaka aseme, siondoi gari. Siku moja trafiki alituambia tusogee haraka, nikamwambia asubiri mkaguzi amalize. Alichungulia ndani kumtafuta huyo mkaguzi.

Sasa nije kwenye lile lililotuhangaisha.

Mwaka 2017 Divine alikuwa darasa la saba, mwisho wa shule ya msingi. Mwalimu wake alikuwa mama mpole aliyemzoea, aliyemruhusu kukaa kwenye stoo ya vitabu kelele zikizidi. Hisabati alikuwa anawaacha mbali wenzake. Lakini shule ya sekondari haina mwalimu mmoja. Ina walimu wengi, vyumba vingi na korido. Mama Divine alianza kutafuta mapema. Mimi na Mwanahawa tukawa tunampeleka baada ya kuwashusha watoto, kwa sababu alikuwa hana gari, na kwa sababu Mwanahawa aliniambia tunampeleka.

Shule ya kwanza ilikuwa kubwa, karibu na kwetu, ndiyo ile ambayo Divine angepangiwa kwa anwani yake. Naibu mkuu alitupokea kwa uchangamfu, akasema kwa Kiingereza anakuja sasa hivi, akaingia ofisini. Tukaketi. Haikupita hata dakika, Divine akainuka, akafungua mlango wa ofisi bila kubisha, akasema, "You said now."

Mama yake alitamani ardhi ipasuke immeze. Naibu mkuu alicheka. "Eish, mama, huyu wako mjeuri! Usijali, hapa atanyooka." Akiwa bado anacheka king'ora cha mapumziko kikalia juu ya vichwa vyetu, na watoto wakamwagika koridoni kama mchanga kutoka kwenye lori. Tulimkuta Divine chini ya meza ya karani, mikono masikioni. Karani, Mungu ambariki, alikuwa amevua sweta lake akamfunika kichwa.

"Atazoea," alisema naibu mkuu, na safari hii hakucheka. Nafikiri alikuwa mtu mwema. Alikuwa na watoto wengi kuliko viti.

Ya pili ilikuwa shule ya watoto wenye mahitaji maalumu, mbali kidogo. Palikuwa kimya, kuna bustani, walimu wanaongea taratibu. Mimi moyo ukatua. Wakampima Divine asubuhi nzima. Mwalimu mkuu akatuita, akasema wangempenda sana, lakini wao wanafundisha kuoka mikate, kushona, kutunza bustani. Mtihani wa mwisho wa sekondari hawamfikishi mtoto. "Huyu anatuzidi," alisema. "Nikimchukua nitakuwa namfungia mlango."

Kulikuwa na ya tatu, ya kulipia, upande wa kaskazini, ambapo hata mlinzi alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Walikuwa na kila kitu alichohitaji. Tulipoambiwa ada Mama Divine alisema asante, tukarudi kwenye gari, tukashuka mpaka mjini.

Pale ndipo Mama Divine alipolia. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, Divine ameshuka na Mwanahawa kwenda dukani kununua maziwa.

"Papa Zuhura, hawa banasema ana akili mingi sana. Bale banasema haiko ya kawaida. Sasa mtoto yangu atasomea wapi? Katikati ya barabara?"

Nilichukua gazeti nikafuta kioo kilichokuwa safi.

Nawaambia ukweli, mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Niliwaza, atakwenda ile kubwa, atajificha chini ya meza mwezi mmoja, halafu atabaki nyumbani saluni akifagia nywele. Nimewaona wengi wa hivyo. Mwanahawa hakutaka kusikia. Alisema, "Tumekuwa tunauliza walimu. Walimu kila mmoja anajua shule yake. Nani anazijua zote?"

Nikamtazama.

"Si nyinyi? Nyinyi mnaokaa malangoni mchana kutwa mkila magwinya, haya maandazi ya huku?"

Ni kweli. Hili mlishike, vijana. Ukitaka kuijua shule usiende siku ya wazazi, siku hiyo imepakwa rangi. Kaa langoni saa ya kutoka. Kuna shule watoto wanatoka mbio kama wanakimbia moto. Kuna shule wanatoka wamenuna. Kuna shule wakubwa wanawapokonya wadogo viazi na mlinzi anatazama simu yake. Dereva anayaona yote haya kila siku, ila hakuna anayemuuliza, na yeye mwenyewe hajui kwamba anajua. Mimi sikujua.

Basi Mwanahawa akaanza kuuliza. Kila lango tuliloegesha, alishuka na mfuko wake wa machungwa, akaenda walipo madereva. "Kaka zangu, shule gani watoto hawapigi kelele?" Walimcheka vibaya. Mmoja akamwambia, "Mama, shule hiyo iko makaburini." Mwingine, "Njoo Jumapili, zote kimya." Alicheka nao, akawagawia machungwa, kesho yake akauliza tena.

Bab' Mnisi ndiye aliyejibu. Wakati huo alikuwa ameshazeeka, anabeba watoto wa kusini mwa mji tu, upande wa La Rochelle, na siku hiyo alikuwa amepita kutusalimia. Alikuwa anamenya chungwa, akasema bila kuinua macho, "Kuna moja haina king'ora."

"Shule gani haina king'ora?"

"Wezi wamekula waya." Alicheka mpaka akakohoa. "Walikuja usiku wakang'oa nyaya zote za shaba, king'ora kikafa. Mkuu wa shule akawa anatuma mtoto kuzunguka na kengele ya mkono. Baadaye wakaletewa waya mpya, akauweka stoo. Anasema tangu siku ile walimu hawaumwi vichwa. Ni shule ndogo, Mama, majengo yamechakaa, hakuna anayeigombania. Lakini watoto wanatoka wanatembea. Nimesema wanatembea."

Mwanahawa alimpa mfuko mzima wa machungwa.

Tulikwenda wiki ile ile, sisi wanne. Ni mbali kutoka Bertrams, unavuka mji na kupita vilima vya njano vya mchanga wa migodini. Rangi ya kuta ilikuwa inabambuka. Aliyetupokea ni mwalimu wa hisabati, mama wa Kihindi wa makamo, amevaa viatu vya raba, jina lake Bi Pillay. Alikuwa anasahihisha madaftari. Hakusema anakuja sasa hivi. Alimtazama Divine, akaweka mkono juu ya rundo la madaftari, akasema, "Nasahihisha haya yaliyo hapa. La mwisho likiisha nitaongea na wewe."

Divine akaketi. Akalitazama lile rundo likipungua, daftari moja baada ya jingine, bila kupepesa. La mwisho likafungwa. Bi Pillay akaweka kalamu chini, akageuza kiti, akasema, "Nimemaliza."

Mama Divine alinishika mkono akaubana mpaka pete yangu ikaniumiza.

Divine alikuwa na swali moja tu: kengele iko wapi? Bi Pillay akampeleka kuiona. Ilikuwa ya shaba, na kishikio cha mti kimefungwa plasta ya hospitali. Akamwacha aishike. Akamwambia, "Ukitaka, piga. Wewe ndiye unayeamua lini." Divine akaishika muda mrefu. Akapiga mara moja, kidogo tu. Karani aliyekuwa karibu hakugeuza hata kichwa. Halafu akairudisha akasema, "Hii naweza."

Haikuishia hapo kama hadithi. Anwani yetu ilikuwa si ya eneo lile, wenye eneo lao ndio waliotangulia, na Mama Divine na kibali chake cha mkimbizi alikwenda ofisi za elimu mpaka walinzi wakawa wanamsalimia kwa jina. Shule nyingi zilikuwa zimejaa; ile, kwa sababu ya rangi yake kubambuka, ikabaki na nafasi. Januari 2018 shule zimefunguliwa tayari, Divine yuko nyumbani, simu ikaja saluni. Mama Divine alimwacha mteja na nywele nusu kichwa, akaja mbio barabarani kwetu na kitana mkononi. Alikuwa anapiga tu bodi la kombi kwa kitana, ka-ka-ka-ka. Mwanahawa akatoka akapiga kigelegele cha Tanga, na yule mteja akatokea nyuma, nusu rasta nusu manyoya, anauliza, "Nani kaolewa?"

Hapakuwa na mtoto mwingine wa kwenda kusini. Dereva mwenye akili angekataa njia ile, na nilitaka kukataa. Mwanahawa akasema, "Tutawashusha hawa wengine, halafu tutampeleka." Basi ikawa hivyo. Baada ya lango la mwisho huku kwetu tulibaki sisi watatu garini, na Mwanahawa anauliza upya, ingawa alikuwa anatuona wote, "Tumetimia?" Na Divine, "Tumetimia, watatu." Kisha tunavuka mji, jua linapanda juu ya vile vilima vya mchanga, Mwanahawa anaimba kaswida kwa sauti ya chini, Divine anahesabu roboti. Kama ningeambiwa nichague saa moja ya maisha yangu niirudie, ningechagua hiyo.

Shule yenyewe haikuwa bustani ya peponi. Wapo wavulana waliomwita Roboti, kwa namna anavyoongea. Mwanahawa alipanda hasira, akataka kwenda kuwasema langoni. Divine akashangaa. "Roboti inasimamisha magari yote," alisema. "Hata malori." Mwanahawa akakaa chini, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Mwanzoni mwa 2019 mke wangu alianza kuumwa. Alipanda gari mpaka wiki yake ya mwisho.

Nilipomzika sikutaka kuliona kombi. Jumaa akanishikia watoto kwa gari la rafiki yake, mnakumbuka. Nyumba ilijaa watu, wanafuturu kwetu kila jioni, wanasoma, wanasema subira. Nilikuwa nimekaa uani juu ya kiti cha plastiki nikisema ahsante. Mama Divine alikuwa jikoni na wanawake wa Kiislamu anapika, yeye Mkristo na kichwa kakifunga kitambaa kwa heshima. Siku ya nne, Jumapili, akanijia, akapiga magoti pembeni ya kiti.

"Papa Zuhura, nisamehe. Huu haiko wakati. Lakini Divine anakataa kupanda ile motokari ya Jumaa. Tangu Alhamisi hajaenda masomo. Na mitihani inaanza kesho, ya kwanza ni hisabati. Nikimulazimisha anapiga kichwa." Akashika mkono wa kiti. "Ninaogopa akizoea kubaki, hatarudi tena."

Mnaelewa alichokuwa anasema. Tulikuwa tumempatia mtoto yule mahali pamoja tu katika mji mzima.

Asubuhi ya Jumatatu nilikula daku, nikaswali, nikatoka. Watoto wengine walikuwa bado wanabebwa na Jumaa. Kulikuwa na barafu kwenye kioo. Nilikifuta kwa gazeti. Divine akaja na mama yake, sare imepigwa pasi, akafungua mlango mwenyewe, akakaa mahali pake, nyuma ya kiti cha mbele kushoto. Mama yake alisimama barabarani, kitambaa cha kichwa amekikunja mkononi.

Niliwasha gari likawaka. Sikuondoka. Sikuweza kuondoka, miaka yote ile hatukuondoka kabla Divine hajasema, na mimi sikuwahi kuuliza, muulizaji alikuwa mwingine. Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa anakitazama kile kiti. Midomo ilicheza, ikasimama. Ikacheza tena. Akaegemeza kichwa kioo, nikajua sasa atapiga.

Nikauliza.

"Tumetimia?"

Alinyoosha mkono, yeye asiyependa kugusa wala kuguswa, akaweka kiganja juu ya kiti cha Mwanahawa.

"Inahesabika," alisema. "Watatu. Tumetimia."

Nikaondoa gari.